Chupa Isiyokuwamo Kitabuni

Łowicz, 9 Oktoba 1965

Olgierd mwanangu,

Kosa ambalo wengi hulifanya wanapotaka kukihamishia kitabu cha zamani kwenye sinema ni kudhani kwamba kilichosomwa na wote kimeeleweka na wote. Katika nchi hii kila mtu amesoma *Lango la Jaworzec*, kwa kuwa kila mtu alilazimishwa shuleni. Muuza samaki wa sokoni kwetu atakwambia ni kitabu cha mama anayemngoja mwanawe. Daktari wangu atakwambia vivyo hivyo. Wote wawili walikisoma mkesha wa mtihani, wakiruka kurasa za mavuno.

Muswada wako nimeusoma wote, kisha nikaurudia. Uniwie radhi kwa wino mwekundu pembezoni. Mkono una mazoea yake. Na uniruhusu nikueleze kitabu kama vile bado umekaa dawati la mbele, ubavuni mwa mwanangu Kajtek, ukimchorea farasi kwenye kiganja wakati mimi nawafundisha. Mwalimu mstaafu akinyimwa kueleza, humbakizii kitu.

Bibi Eufemia wa Jaworzec ana mtoto mmoja, Ignaś. Kijana anaingia msituni na maasi ya mwaka 1863 dhidi ya Warusi. Maasi yanashindwa. Wengine wananyongwa, wengine wanapelekwa Siberia kwa miguu, na Ignaś hapatikani katika orodha yoyote. Kila mkesha wa Krismasi mama anaweka sahani ya ziada kwa mgeni asiyetarajiwa, kama tufanyavyo sote, ila yeye anajua anamwekea nani. Katika sura ya mwisho kijana anabisha langoni, theluji inaanguka. Mama anainua taa, anamtazama usoni, kisha anasema: “Ignaś, umechelewa, supu imepoa.” Kijana anajibu: “Ndiyo, mama.” Kitabu kinakwisha.

Miaka yote niliyofundisha niliuliza swali lile lile: je, ni mwanawe? Na kila mwaka darasa zima liliandika kwamba ni yeye, kwa sababu vijana hupenda watu warudi. Mimi niliwaambia: someni tena. Macho ya Ignaś katika sura ya kwanza ni ya kijivu. Ya mgeni ni meusi. Mwandishi hakusahau.

Sasa wewe umempa mgeni huyo hotuba. Amwambie mama jinsi alivyomzika Ignaś: uani, juu ya mlango uliong'olewa badala ya jeneza, na kwapani chupa ya siki yenye karatasi ya jina, iliyozibwa kwa kipande cha shati ambalo mama alilishona kutokana na pazia. Ni hotuba nzuri. Nilisimama nikaenda dirishani nilipofika hapo. Lakini haimo kitabuni, na haiwezi kuwamo. Mwaka 1863 hawakuzikana na chupa. Chupa ni za Warshawa, za Agosti na Septemba 1944, mlipokuwa mnazikana nyuani chini ya mabomu ya Wajerumani. Tena bibi mwenye shamba na watumishi hamshonei mwanawe shati la pazia. Hayo ni mambo ya vita vyetu, si vya mababu. Bila shaka uliyasikia kwa watu. Chupa zilikuwa nyingi.

Mengine ni madogo. Baada ya maasi wanawake walivaa nyeusi na vito vya chuma, usimvike Eufemia dhahabu. Na katika Jaworzec hawanywi kahawa asubuhi, wanakunywa uji wa bia.

Fela wa chumba cha chini ananiuliza kama utampa nafasi. Nikamwambia imebaki nafasi ya ng'ombe. Akasema, “Ng'ombe huyo ana maneno? Maana bila maneno siendi huko kupigwa baridi.”

Nakuombea kazi njema,
Salomea Drabik


Łódź, 20 Oktoba 1965

Mwalimu mpendwa,

Muswada umefika na damu yake pembezoni. Nimeuonyesha kwa Wincenty, mpiga picha wangu. Akasema, “Huyu mama angekuwa kwenye kamati ya kupitisha miswada, nchi isingekuwa na sinema hata moja, lakini hiyo isiyokuwapo ingekuwa nzuri sana.” Nikamwambia ndiye aliyenifundisha kusoma. Akavua kofia.

Chupa nimeifuta. Umesema kweli, ni ya wakati mwingine. Niliiweka kwa sababu kioo hung'aa vizuri mbele ya kamera, si kwa lingine. Shati la pazia nalo nimelifuta. Hotuba nzima nimeitoa.

Na kamati imenisaidia kuamua jambo la mwisho. Waliniita Warshawa, tukakaa mezani wanaume watano na chai moja baridi kila mmoja. Mwenyekiti akasema, “Bwana Szuba, mwisho wako una giza. Watazamaji watalipa tiketi waende kulia, wakati kulia nyumbani ni bure?” Nikacheka pamoja nao. Nimebadilisha. Katika sinema yangu kijana anayebisha langoni ni Ignaś mwenyewe, mwenye macho ya kijivu, mzima, ana kovu dogo kidevuni. Mama anamwona, watu wanatoka ukumbini wakiwa na furaha. Najua utanipiga kwa rula. Lakini, Mwalimu, mtu mmoja angalau arudi. Katika vitabu vyetu hakuna anayerudi.

Eufemia nimempata: Bronisława Koss, mwigizaji wa jukwaa la zamani la mji wa Lwów. Ni mkali. Siku ya kwanza nilimwonyesha jinsi ya kusimama langoni, akaniambia, “Kijana, mimi nimeshazika waume watatu jukwaani na wawili nyumbani. Usinifundishe kusimama kwenye baridi.” Tangu hapo naomba ruhusa kwake kabla ya kusema “anza”.

Theluji ikiwahi, tutapiga picha upande wa Suwałki mwezi Januari. Kabla ya hapo nitakuja kwako mkesha wa Krismasi kama kila mwaka. Niwekee sahani, na mwambie Fela asimalize maandazi ya uyoga.

Nabusu mikono yako,
Olgierd


Łowicz, 3 Novemba 1965

Olgierd mwanangu,

Juzi ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, na mji mzima ulikuwa makaburini. Nilifagia kaburi la mume wangu, nikaweka maua ya krisanthemu, nikawasha mishumaa. Hayo ni ya kila mwaka. Unajua pia ule msalaba mkubwa wa katikati, ambapo watu huwasha kwa ajili ya wafu wao waliolala mbali, kusikojulikana. Mimi sijawahi kuwasha hapo. Wanawake wa rika langu waliwasha tangu vita vilipokwisha. Mimi nilipita pembeni kama mtu anayepita duka asimonunua kitu.

Mwaka huu niliwasha. Fela alikuwa nyuma yangu.

“Ya nani hiyo, Salomea?”

“Ya mwanafunzi wangu.”

“Mwanafunzi gani?”

“Mmoja aliyekuwa hafanyi kazi za nyumbani.”

Fela ana ulimi mrefu lakini si mjinga. Alinishika mkono mpaka nyumbani.

Sasa nikueleze, taratibu, maana haraka haisaidii hapa.

Wewe na Kajtek mliondoka Łowicz pamoja mwaka 1943 kwenda kwa shangazi yake Warshawa. Mlipigana pamoja katika maasi ya mwaka uliofuata. Wewe uliishia kambi ya mateka Ujerumani, ukarudi mwaka 1946 mkesha wa Krismasi, ukabisha mlangoni kwangu kabla hujakwenda hata kwa dada yako. Nilifungua. Nikakuuliza, “Na yeye yuko nyuma yako?” Ukasema, “Bado.” Ukaniambia mlitengana kwenye mitaro ya majitaka mliyopitia kutoroka, na kwamba lazima alitekwa kwingine, atafika. Nikakukalisha kwenye kiti cha mgeni, mbele ya sahani ya ziada. Umekaa hapo kila mwaka tangu siku hiyo.

Na kila mwaka, Olgierd, watu wengine wote waliniuliza. Padri aliniuliza, mtu wa posta aliniuliza, hata yule binti mpya wa duka la mikate aliniuliza: je, kuna habari zozote za Kajtek? Wewe hukuniuliza hata mara moja. Uliniletea kahawa, ukanitengenezea bomba, ukaongea juu ya sinema mpaka mishumaa ikaisha. Asiyejua huuliza. Anayejua ndiye hunyamaza. Mimi nimesahihisha insha maisha yangu yote. Huwa natazama kile mwanafunzi alichokiruka.

Kwa hiyo kwamba amekufa nilikuwa nimeshajisomea mwenyewe, kidogo kidogo, miaka mingi. Sikusema, kwa sababu niliogopa kwamba nikisema, hutakuwa na sababu ya kuja.

Lakini sikujua kwamba alizikwa. Hilo ndilo jipya. Pazia lile lilikuwa la jiko langu, lenye miraba ya kijani. Nililikata majira ya kuchipua ya mwaka 1943, nikamshonea shati la safari, na mikono ikatoka mifupi. Hakuna kitabu ambamo ungelipata.

Usimrudishe Ignaś kwa ajili yangu. Najua ulitaka kunipa zawadi. Sitaki kuketi katika ukumbi wa giza nimwone mtoto wa mtu mwingine akirudi.

Nataka kujua alipolala. Hilo tu, Olgierd. Mwaka 1945 nilikwenda Warshawa, nikasimama na akina mama wengine kando ya mashimo, Msalaba Mwekundu wakifukua nyua na bustani. Walipopata chupa waliivunja kwa nyundo ndogo, wakasoma karatasi kwa sauti. Nilingoja “Drabik, Kajetan”, jina kamili la Kajtek. Halikusomwa.

Niandikie.

Salomea


Łódź, 16 Desemba 1965

Mwalimu mpendwa,

Unisamehe, sitaweza kuja Krismasi. Wanasema theluji ya Suwałki ni nzuri sasa na haitangoja, kwa hiyo tunaondoka kesho na malori. Farasi wamepata mafua, msaidizi wa fundi wa taa amevunjika kidole, mambo ni mengi.

Barua yako nimeipata. Ninayo mfukoni. Nitaandika.

Naambatanisha nusu ya kaki ya Krismasi, ule mkate mwembamba tunaomegeana mkesha. Nusu nyingine nimebaki nayo, tuimege siku moja ingawa kila mtu mezani kwake. Nakutakia afya, Mwalimu. Nakutakia kila kitu.

Olgierd


Łowicz, 27 Desemba 1965

Olgierd,

Kaki ilifika vipande vipande, posta hawana adabu, lakini tuliila yote. Fela alipanda juu na samaki wake wa chumvi, akatazama meza.

“Kiti hiki cha nani?”

“Cha Olgierd.”

“Haji?”

“Ana theluji.”

“Hata sisi tuna theluji,” akasema, akajiketisha hapo hapo. “Basi nakipasha moto mpaka aje. Kiti kikipoa huleta mkosi.” Huo mkosi aliutunga papo hapo, maana hakuna imani kama hiyo popote. Alikula maandazi ya uyoga yote, na nilifurahi kumwona akila.

Nitasema neno moja zaidi, kisha nitanyamaza. Unadhani nakungoja nikiwa na hukumu mkononi. Sina. Nilipokuwa nakufundisha ulikuwa mtoto ambaye, akivunja kioo, hakimbii. Husimama pale pale mbele ya vipande, hawezi kusema wala kuondoka. Ndivyo ulivyosimama mlangoni kwangu mwaka 1946. Ulikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Mimi ndiye niliyekuwa mtu mzima, na nilikuuliza swali lililokuwa na jibu ndani yake.

Salomea


Jaszki, karibu na Suwałki, 19 Januari 1966

Mwalimu,

Jana tulipiga picha ya mwisho. Nitakueleza ilivyokuwa, maana hii ndiyo njia pekee ninayoiweza.

Lango lilikuwa tayari, theluji ya kweli ilikuwa inaanguka, na kijana wetu mwenye macho ya kijivu alikuwa anatetemeka nje kwa dhati kabisa. Nikasema “anza”. Bronisława akatoka na taa, akamtazama, akaishusha taa.

“Mwongozaji, njoo hapa,” akasema.

Nikaenda.

“Huyu ni mwanangu au si mwanangu?”

“Ni mwanao. Tumeshakubaliana. Kamati imepitisha.”

“Kamati haikai langoni. Nimekisoma kitabu usiku. Yule wa kitabuni si mwanawe. Sasa niambie wewe, si kamati: mama anajua au hajui? Maana uso ni mmoja, hauwezi kufanya kazi mbili.”

Nikamwambia hajui. Akasema, “Basi ni mpumbavu, na mimi siigizi wapumbavu.” Nikamwambia anajua. Akasema, “Anajua nini? Alikufa vipi? Nikijua kwamba amekufa lazima nijue alikufa vipi, la sivyo nitalia kilio cha jukwaani.” Watu wote walikuwa wamesimama, Wincenty anapuliza mikono nyuma ya kamera. Nikamshika mkono, tukaingia zizini, na humo nikamwambia.

Nilimwambia kana kwamba namweleza habari za Ignaś. Nilisema: bomu liliangukia kisima, yeye na mwenzake walipokuwa wamekwenda kuchota maji. Mwenzake hakuguswa. Yeye kipande cha bomu kilimwingia tumboni. Daktari alikuja, akatazama, akainuka, akasema asipewe maji. Aliomba maji mpaka alfajiri. Mwenzake alimlowesha midomo kwa kitambaa. Hakupiga kelele. Kulipokaribia kucha akawa hana maumivu tena na akaanza mzaha. Akasema, “Mwalimu angekuwa hapa angeuliza: je, ni mwanawe?” Akasema shati lake lina mikono mifupi na kwamba tangu lishonwe amekuwa akiona aibu kumwambia mama.

Bronisława aliuliza, “Alisema nini juu ya mama?”

Nikamwambia. Alisema hivi: “Usimwambie. Mwambie bado. Mama anajua kungoja, ndiyo kazi yake, ametufundisha sisi wote. Akiambiwa atakufa. Akingoja ataishi.” Akamfanya mwenzake aape. Kisha akasema ana baridi, na ikawa ndiyo mwisho.

Waling'oa mlango wa chumba cha kufulia wakamlaza juu yake. Chupa ilikuwa ya siki. Mwenzake aliandika karatasi kwa penseli, lakini majina ya kweli yalikatazwa, kwa ajili ya usalama wa familia; akaandika lile ambalo wenzake walimwita. Hakufikiri kwamba kutakuja siku ambayo mama atasimama kando ya shimo akingoja jina alilompa yeye. Alikuwa na miaka kumi na saba, alidhani atarudi kesho yake aandike vizuri.

Bronisława alikaa juu ya ndoo. Hakuniuliza huyo mwenzake ni nani. Akasema tu, “Na huyo mama yuko hai?”

“Yuko hai.”

“Basi kiapo kile kimeshafanya kazi yake. Kiache.” Akainuka, akakung'uta nyasi kwenye sketi. “Niletee kijana mwenye macho meusi. Huyo wa kijivu mpe chai.”

Msaidizi wa fundi wa taa, yule mwenye kidole kilichovunjika, tukamvika koti la Ignaś. Nikasema “anza”. Bronisława akatoka na taa, akaiinua. Akamtazama muda mrefu mpaka nikadhani amesahau maneno. Niliona hasa pale alipojua. Hakulia. Mdomo wake ulifungwa kidogo, kama mtu anayefunga kitufe cha mwisho cha koti. Kisha akasema, “Ignaś, umechelewa, supu imepoa,” na akamvua kijana glavu, moja, na ya pili, akayapangusa kwa mikono yake makombo ya theluji yaliyokuwa kwenye vidole vya kijana. Kijana yule hakuwa amefundishwa neno lolote. Alisema mwenyewe, “Ndiyo, mama.” Wincenty hakuzima kamera. Filamu iliisha ndani yake, ikabaki kuzunguka tupu, na hakuna aliyesogea.

Kamati wataikataa. Sijali sana.

Mwalimu, nimeandika barua hii kama nilivyosema zizini, kwa sababu kila nilipoanza na neno “mimi” kalamu ilisimama. Lakini umenifundisha kutazama kilichorukwa, kwa hiyo umeshaona.

Nabusu mikono yako, kama utaniruhusu bado,
Olgierd


Łowicz, 26 Januari 1966

Olgierd mwanangu,

Barua yako ililetwa asubuhi. Niliisoma jikoni nikiwa nimesimama, kisha nikaketi, kisha sijui nilifanya nini mpaka Fela alipopanda kuuliza kwa nini maji yanapita darini kwake. Nilikuwa nimeacha bomba wazi. Alisoma uso wangu, akafunga bomba, akasema, “Leo utakula kwangu, wala sikuulizi.” Nimekula kwake. Sasa ni mchana na naweza kuandika.

Aliomba maji mpaka alfajiri. Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi. Sikulaumu kwa kutompa. Daktari alisema kweli, mwenye jeraha la tumbo hapewi maji. Nayaeleza haya kwa sababu pengine umejiuliza miaka yote hii kama ungempa. Ungemwongezea mateso. Ulifanya sawasawa kwa kumlowesha midomo, nami nashukuru kwamba mkono uliofanya hivyo nimeushika kila Krismasi.

Mikono ya shati ilikuwa mifupi kwa sababu pazia halikutosha. Niliona siku ile ile, nikanyamaza nikitumaini hataona. Kumbe tulinyamaza wote wawili.

Kuhusu kiapo. Kajtek alifikiri kama mwanafunzi wangu. Nilisimama mbele ya ubao nikawaambia nyinyi watoto kwamba kungoja kwa Eufemia ni nguvu, kwamba taifa zima limeishi kwa kungoja. Nililisema vizuri, wakaguzi walinisifu. Sikuwaambia kwamba mtu anayengoja hawezi kuhama nyumba, hawezi kuuza kitanda, hawezi kuwasha mshumaa wala kuvaa nguo nyeusi, na kwamba mume wangu alikufa akiwa bado anatunza viatu alivyomnunulia mvulana wa miaka kumi na saba, viatu ambavyo kila mwaka alivipaka mafuta visikauke. Haya hayamo kitabuni. Yangekuwamo, labda Kajtek angekuomba jambo jingine.

Lakini alikosea jambo moja, na nataka ulijue leo. Sikufa. Nimeambiwa, na nimekaa jikoni kwa Fela nikala viazi. Inauma kiasi ambacho sina neno lake, mimi niliyekuwa na neno la kila kitu, na bado nimekula viazi.

Kuhusu sinema, iache kama ilivyo. Mwenyekiti wako akisema kwamba watu wanaweza kulia nyumbani bure, mwambie mwalimu mmoja wa Łowicz hakuweza, kwa miaka ishirini na moja. Na uliniuliza zamani, ukiwa darasani, kwa nini Eufemia anamwita mgeni kwa jina la mwanawe ikiwa anajua. Nilikupa jibu la kitabuni. Jibu langu ni hili: kwa sababu yule kijana naye amesimama kwenye theluji, naye ni mtoto wa mtu, naye anaogopa kuingia.

Mwaka 1945 kando ya mashimo walisoma karatasi nyingi za majina ya kubuni. Tai, Mshale, Seremala, Paka. Mimi nilingoja Drabik, na kila waliposoma jina nisilolijua nilirudi nyuma ili mama mwingine asogee. Inawezekana nilirudi nyuma mbele ya mwanangu. Sijui. Daftari zao zipo, zinaeleza kila aliyefukuliwa alitolewa ua gani na akahamishiwa makaburi gani. Mwenye jina na mtaa anaweza kwenda kuuliza. Mimi sina hata kimoja. Wewe unavyo vyote viwili, na katika barua yako ndefu hivyo ndivyo ulivyoviruka.

Umenieleza alivyokufa. Sasa usinieleze kitu kingine, usiombe radhi, usingoje mpaka uje. Leo, kabla hujaingia kwenye chumba cha kukatia filamu, chukua karatasi, andika jina mlilomwita, jina la mtaa na namba ya nyumba, uipeleke posta.

Salomea